Mazulia ya Uajemi na Mikono Iliyoyafuma

Kitu kikaacho chini ya nyayo za watu aghalabu hakitazamwi. Mgeni akiingia katika nyumba huitazama milango iliyochorwa nakshi, huzitazama dari na taa, akawasalimu wenyeji. Tandiko alilolikanyaga hulikumbuka mwisho, au halikumbuki kabisa. Hata hivyo liko tandiko moja ambalo mataifa mengi yamelitukuza, wafalme wamelipokea kuwa hidaya, matajiri wamelinunua kwa bei ya majumba, na wataalamu wameliandikia vitabu vikubwa. Tandiko hilo ni zulia la Uajemi lililofungwa mafundo kwa mkono.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tunao mkeka uliosukwa kwa ukili, tunalo jamvi, tunalo busati ambalo zamani lililetwa kutoka Maskati, na tunalo zulia lenyewe, neno tulilolipokea kwa Waarabu wa Ghuba ambao huliita zuliya. Hata nakshi ya milango yetu ni neno moja na lile ambalo Mwajemi hulitumia kwa mchoro wa zulia. Kwa hiyo tukilizungumza zulia la Uajemi, twalizungumza jambo la ugenini kwa maneno ambayo yamekuwa mwetu siku nyingi.

Kila zulia mashuhuri lina jina. Moja huitwa kwa mji, jingine kwa kabila, jingine kwa mfalme, jingine kwa tajiri aliyelinunua. Jina moja tu hukosekana karibu siku zote, nalo ni la mtu aliyelifuma. Insha hii yakusudia kuipitia historia ya mazulia hayo kwa kulifuata jina hilo lisilotajwa. Historia ya kazi iliyotenganishwa na mtendaji ni nusu ya historia, na nusu iliyobaki huwa tayari kutumiwa kwa uwongo.

Yafaa kwanza kueleza kazi ilivyo. Mkeka husukwa, kitambaa hufumwa, lakini zulia hili hufumwa na kufungwa pamoja. Kitanda cha mfumi cha mjini husimama wima kama fremu ya mlango: miti miwili ya kusimama na miwili ya kulala. Baina ya mti wa juu na mti wa chini hutandwa nyuzi nyingi zilizokazwa sana, za pamba katika miji mingi, za sufu katika mahema ya wahamaji, na za hariri katika kazi za thamani kubwa. Nyuzi hizo ndizo mtande. Mfumaji huketi juu ya ubao mbele yake, hushika uzi wa sufu, huuzungusha katika nyuzi mbili za mtande, huuvuta chini na kuukata kwa kisu. Hilo ni fundo moja. Akiisha kufunga safu nzima kutoka ukingo hadi ukingo, hupitisha uzi wa mshindio mara moja au mara mbili, kisha huushindilia kwa chanuo zito la chuma mpaka safu mpya ikae imara juu ya iliyotangulia. Halafu huanza safu nyingine. Ncha za nyuzi zilizokatwa husimama kama majani machanga shambani. Hizo hupunguzwa kwa mkasi zikawa sawa, nazo ndizo uso wa zulia.

Mafundo ni ya namna mbili zilizo kuu. Katika namna ya kwanza uzi huzunguka nyuzi zote mbili za mtande na ncha zake zikatoka pamoja katikati. Hilo huitwa fundo la Kituruki. Katika namna ya pili uzi huuzunguka mmoja kabisa na kupita nyuma tu ya wa pili. Hilo huitwa fundo la Kiajemi, na wauzaji wengi huliita kwa jina la Senneh, mji ambao leo waitwa Sanandaj. Lakini wafumaji wa Sanandaji ni Wakurdi, nao hutumia fundo la Kituruki. Hivyo hata fundo lilipewa jina na mtu ambaye hakukaa karibu na mfumaji akaitazama mikono yake.

Fundo ni kipimo cha zulia, na ni kipimo cha maisha pia. Katika mraba wa sentimita 10 kwa 10 zulia la kijijini laweza kuwa na mafundo 1,000 au kuzidi kidogo. Zulia zuri la mjini lina 3,000 na zaidi. Na mazulia ya hariri ya Qom hupita 10,000. Mfumaji hodari hufunga kiasi cha mafundo 8,000 kwa siku. Msomaji na apige hesabu ya zulia la kadiri, lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na mafundo 3,000 katika kila mraba. Jumla ni mafundo 1,800,000, na kwa mtu mmoja ni kazi ya siku 225 bila ya ugonjwa, bila ya sikukuu, bila ya kuuguza mtoto. Mnunuzi hulipima zulia kwa mita, lakini aliyelifuma alilipima kwa siku za umri wake.

Kabla ya fundo kuna rangi, na mpaka rangi iwe tayari watu wengi wamekwisha kufanya kazi. Sufu hukatwa, huoshwa, huchanwa na kusokotwa. Hutiwa shabu ili ishike rangi, kisha huchemshwa. Wekundu hutoka katika mizizi ya mmea ambao Waajemi huuita runas. Mizizi ya miaka michache ni dhaifu, na iliyozeeka ardhini hutoa wekundu wa kina. Samawi hutoka katika nili. Manjano hutoka katika mmea uitwao esparak, hudhurungi katika maganda ya komamanga na ya jozi, na kijani hupatikana kwa kuichovya sufu katika nili na manjano kwa zamu. Rangi nyeusi ilipatikana kwa kutumia madini ya chuma, na chuma hula sufu. Ndiyo sababu katika mazulia ya kale sehemu nyeusi zimechakaa zikawa kama vibonde, hali maua mekundu yaliyo kando yake yangali yamesimama. Na kwa kuwa mtu wa hemani hakuweza kutia rangi sufu yote kwa siku moja, bluu ya mwezi huu haikulingana sawasawa na bluu ya mwezi uliopita. Tofauti hiyo Waajemi huiita abrash. Mjuzi akiitazama huweza kuona mahali ambapo uzi wa zamani ulikwisha na mpya ukaanza, kana kwamba asoma kalenda ya nyumba ile.

Je, kazi hii ilianza lini? Mwaka 1949 mtaalamu wa mambo ya kale wa Kirusi, Sergei Rudenko, alikuwa akichimba makaburi ya wakuu wa wahamaji huko Pazyryk, katika milima ya Altai, Siberia. Wezi wa zamani walikuwa wamelitoboa kaburi moja na kuchukua vitu vya thamani. Maji yakaingia kwa tundu lao, yakaganda kuwa barafu, na barafu ikakihifadhi kile ambacho wezi hawakukithamini. Humo lilitolewa zulia la karibu mita 2 kwa mita 2, lenye safu ya wapanda farasi na safu ya kulungu wakila, lenye mafundo 3,600 hivi katika kila mraba wa sentimita 10. Lina umri wa zaidi ya miaka 2,200. Wataalamu hawakupatana mpaka leo kama lilifumwa Uajemi, Armenia au Asia ya Kati. Lakini wote wamekubali neno moja: kazi ile si ya mtu ajifunzaye. Nyuma ya zulia la kwanza tulijualo pamekuwako mazulia mengi yaliyooza, na mafundi wengi waliofundishana kwa mkono bila ya kuacha maandishi.

Zulia la pili katika masimulizi halikubaki hata uzi mmoja. Mwaka 637 majeshi ya Waislamu yalipoiteka Ctesiphon, mji mkuu wa wafalme wa Kisasani, yalikuta katika jumba la enzi tandiko kubwa lililoitwa Majira ya Chipuko ya Khosrow. Al-Tabari, mwanahistoria, asimulia kwamba lilikuwa la dhiraa 60 kwa dhiraa 60, lenye mfano wa bustani: njia, mito, miti na maua, kwa hariri, dhahabu na vito, ili mfalme aketi katika bustani wakati wa baridi. Huenda halikuwa la mafundo. Lilipelekwa Madina, na baada ya shauri Khalifa Umar akalikata vipande akavigawa kwa watu. Sayyidna Ali aliuza kipande chake kwa dirhamu 20,000, nacho hakikuwa kipande kilicho bora. Historia imehifadhi jina la mfalme aliyelikalia, la khalifa aliyeligawa, na hata bei ya kipande kimoja. Ya waliolitengeneza haikuhifadhi neno.

Zama zilizo tukufu zaidi za mazulia ya Uajemi ni zama za wafalme wa Kisafavi, ambao ufalme wao ulianza mwaka 1501. Shah Tahmasp, aliyetawala tangu 1524 hadi 1576, alipenda michoro na vitabu, na wachoraji wa vitabu ndio walioingiza katika zulia duara la katikati, mizabibu iliyopindana, mawingu na wanyama. Kabla yake zulia lilikuwa aghalabu kazi ya mistari na pembe. Sasa liligawanyika katika mikono miwili: mkono uchorao karatasini, na mkono ufungao mafundo. Mgawanyiko huu ulizaa uzuri usiokuwa na mfano. Ulizaa pia desturi ya kumtaja mchoraji na kumsahau mfumaji.

Shahidi mkubwa wa zama hizo ni zulia la Ardabil. Lilifumwa kwa ajili ya ziara ya Sheikh Safi al-Din, mzee wa ukoo wa wafalme hao, aliyefariki mwaka 1334. Urefu wake wapita mita 10, na upana wapita mita 5. Mtande na mshindio ni wa hariri, uso ni wa sufu ya rangi 10, na kila mraba wa sentimita 10 una mafundo yapatayo 5,300, hata jumla yake yazidi milioni 25. Katika ncha moja umefumwa ubeti wa Hafiz, kisha jina la Maqsud wa Kashan, ajiitaye mtumwa wa kizingiti kile, na mwaka wa Hijra 946, yaani 1539 au 1540.

Yaonekana basi kwamba tumempata tunayemtafuta. Lakini tusifanye haraka. Wachunguzi wengi waona kuwa Maqsud alikuwa msimamizi aliyekabidhiwa kazi, wala si yeye aliyeketi juu ya ubao. Mafundo milioni 25 si ya mtu mmoja. Watu hata 10 waliweza kukaa bega kwa bega mbele ya mtande ule. Kazi nyingi za mazulia zilikuwa za wanawake majumbani, lakini kazi ya kifalme kama hii yamkini ilifanywa na wanaume katika karakana. Hata hao hawakutajwa. Maqsud alijiita mtumwa, na kwa unyenyekevu huo jina lake limedumu karibu miaka 500. Waliokuwa chini ya mtumwa hawakupata hata sifa ya utumwa.

Mwaka 1893 jumba la makumbusho la London ambalo leo laitwa Victoria and Albert lililinunua zulia hilo kwa paundi 2,000, na miongoni mwa walioshauri linunuliwe alikuwa William Morris, fundi na mwandishi. Lilikuwako la pili, pacha wake. Yote mawili yalikuwa yamechakaa, na ili moja liuzwe likiwa kamili, sehemu za la pili zilikatwa kulitengenezea la kwanza. Pacha huyo aliyepoteza mapindo yake yuko Los Angeles, ambako J. Paul Getty alimtoa kuwa zawadi mwaka 1953. Zulia la London limo katika sanduku kubwa la kioo, na taa zake huwashwa kwa dakika 10 tu katika kila nusu saa, ili mwanga usile rangi.

Shah Abbas wa Kwanza, aliyetawala hadi mwaka 1629, aliuhamishia mji mkuu Isfahan mwaka 1598, akaweka karakana za mazulia karibu na jumba lake. Kwake zulia likawa pia bidhaa ya dola. Mwaka 1601 mfalme Sigismund wa Tatu wa Poland alimtuma mfanyabiashara wa Kiarmenia, Sefer Muratowicz, mpaka Kashan kuagiza mazulia ya hariri na dhahabu yenye nembo ya ufalme wake. Baada ya miaka mingi kupita asili yao ilisahauliwa. Mwaka 1878 mazulia ya namna hiyo yalionyeshwa Paris yakiwa na nembo za Kipoland, na watazamaji wakadhani yalifumwa Poland. Mpaka leo yangali yakiitwa ya Kipoland. Hapo halikupotea jina la mfumaji peke yake, ilipotea hata nchi yake.

Mwaka 1722 Waafghani waliuteka mji wa Isfahan, na karakana za kifalme zikafa. Lau ufundi ungekuwa mali ya wafalme, ungelikufa pamoja nao. Haukufa, kwa kuwa ulikuwa umekaa siku zote mahali pengine: katika vijiji na katika mahema ya Waqashqai, Wabakhtiari, Wakurdi, Wabaluchi na Waturkmeni. Kwa Waqashqai wa Fars wanaume hukata sufu na hutengeneza kitanda cha mfumi, ambacho hulazwa chini ili kabila likihama kikunjwe na kupakiwa. Wanawake husokota, huchagua rangi na hufuma. Hawana karatasi ya mchoro. Mchoro umo kichwani, umetoka kwa mama na nyanya, na kila mfumaji huutia lake. Kwa hiyo hapana mazulia mawili yaliyo sawa. Mjini ni kinyume. Huko mchoro hupigwa juu ya karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja, na katika karakana nyingine msomaji wa mchoro huzitaja rangi kwa sauti ya kuimba, na wafumaji humwitikia kwa vidole. Kazi zote mbili ni za heshima, lakini katika moja mfumaji ni mtunzi, na katika ya pili yeye ni mfasiri wa mawazo ya mwingine.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Ulaya na Marekani zilitajirika kwa viwanda, na wenye nyumba kubwa wakataka mazulia ya Uajemi. Wafanyabiashara wa Tabriz waliyakusanya mazulia ya kale, wakayapeleka Istanbul. Ya kale yalipoanza kwisha, ilikuwa hapana budi kufuma mapya. Kampuni ya Ziegler ya Manchester ilianza katika miaka ya 1880 kufumisha mazulia Sultanabad, mji ambao sasa ni Arak, kwa vipimo na rangi zilizopendwa na Wazungu. Tajiri alitoa sufu na mchoro, akatoa na fedha za kutanguliza. Mfumaji alilipa kwa kazi. Njia hii ilileta riziki katika nyumba nyingi. Lakini anayekula leo malipo ya kesho huwa amekwisha kufungwa fundo yeye mwenyewe.

Pamoja na biashara zikaja hila mbili. Ya kwanza ni rangi za kiwandani. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, aligundua rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe, na baada ya miaka michache rangi za jamaa hiyo zilifika Uajemi. Zilikuwa rahisi na za haraka, ila nyingi za mwanzo zilipauka kwa jua na kutoka kwa maji. Serikali ya Nasir al-Din Shah ilizipiga marufuku, na sheria za namna hiyo zikarudiwa baada yake, jambo lioneshalo kwamba hazikutiiwa vema. Hila ya pili ni fundo liitwalo jufti, ambalo hufungwa juu ya nyuzi 4 za mtande badala ya 2. Zulia humalizika kwa nusu ya mafundo, nalo huchakaa upesi. Watu wengi wamemlaumu mfumaji kwa jufti. Lakini mtu alipwaye kidogo kwa kila fundo, tena akiwa na deni, ana sababu iliyo wazi ya kuyapunguza mafundo. Lawama hiyo yafaa ipande ngazi mpaka kwa yule aliyepanga malipo.

Sasa tumefika mahali pazito pa habari hii. Kerman ni mji wa kusini mashariki uliosifiwa kwa michoro myembamba na rangi nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 karakana zake zilijaa watoto, wavulana na wasichana, wengine wa miaka 5 au 6. Waliketi juu ya mbao nyembamba tangu alfajiri mpaka usiku, katika vyumba vyenye giza na unyevu, miguu imekunjwa, mgongo umeinama. Madaktari wa misheni waliokuwako mjini waliona wasichana ambao mifupa ya miguu na ya nyonga ilikuwa imepinda. Walipoolewa na kushika mimba, uzazi kwao ulikuwa hatari ya mauti. Habari zilifika nchi za nje, na Shirika la Kazi la Kimataifa likaliuliza jambo hilo. Mwaka 1923 gavana wa Kerman alitoa amri: kazi iwe ya saa 8 kwa siku, wavulana wasiajiriwe chini ya miaka 8 wala wasichana chini ya miaka 10, na watu wasifumishwe katika vyumba vya chini vyenye unyevu. Msomaji wa leo atashangaa kuona mtoto wa miaka 8 akiruhusiwa, na yatosha kumfikirisha hali iliyokuwako kabla ya amri kama hiyo kuhesabiwa kuwa rehema.

Wauzaji walikuwa na jawabu. Walisema kuwa fundo jembamba lataka kidole kidogo, na kwamba mtu mzima hawezi kulifunga. Maneno haya yalirudiwa hata yakawa kama elimu. Nayo si kweli. Wafumaji walio bora wa Isfahan, Nain na Kashan wamekuwa siku zote watu wazima, wanaume kwa wanawake, na mazulia membamba kuliko yote yatoka katika mikono iliyokomaa. Fundo lataka jicho, subira na mazoezi ya miaka mingi, na mtoto hana hata moja la hayo kwa ukamilifu. Sababu ya kumtaka mtoto haikuwa udogo wa kidole chake. Ilikuwa udogo wa ujira wake.

Iko hadithi nyingine ipendwayo na wauzaji, ya kwamba mfumaji wa Kiajemi hutia kosa moja kwa makusudi, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu peke yake. Ni hadithi tamu. Lakini mtu anayefunga mafundo 1,800,000 hana haja ya kukusudia kosa, litakuja lenyewe. Na mkuu wa karakana akiliona, hulifumua akamtaka mfumaji arudie bila ya malipo. Mnunuzi husikia habari ya ibada ambapo mfumaji anakumbuka hasara ya siku mbili.

Mwaka 1935, mwaka ule ule ambao serikali ya Reza Shah iliyataka mataifa yaiite nchi yake Iran, iliundwa Kampuni ya Mazulia ya Iran ili kuyarudisha mikononi mwa wenyeji yale yaliyokuwa ya makampuni ya kigeni. Ilianzisha shule za uchoraji na ikaurudia utumiaji wa rangi za mimea. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 biashara iliingia katika mawimbi ya siasa. Marekani ilizuia mazulia ya Iran mwaka 1987, ikayaruhusu mwaka 2000, ikayazuia mwaka 2010, ikayaruhusu mwaka 2016, ikayazuia tena mwaka 2018. Mauzo ya nje, ambayo katika miaka ya mwanzo ya 1990 yalipita dola bilioni 2 kwa mwaka, yalishuka katika miaka ya karibuni hata hayakufika dola milioni 100. Juu ya hayo kuna mazulia ya mashine, ambayo mengi hutoka katika viwanda vya Kashan kwenyewe. Wakubwa wawili wakigombana juu ya silaha, mwanamke wa kijijini aliye na zulia lililofika nusu huulizwa na dalali kama yuko tayari kupunguza bei.

Kazi haijafa, na heshima yake haikupotea. Mwaka 2010 UNESCO iliuandika ufundi wa mazulia wa Fars na ule wa Kashan katika orodha ya urithi wa wanadamu, ikieleza kwamba Kashan karibu mtu mmoja katika kila watatu alishughulika na mazulia, na kwamba zaidi ya theluthi mbili za wafumaji walikuwa wanawake. Wasomaji wetu wenye jamaa Maskati huenda wamewahi kuingia katika msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake ni la urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, lina mafundo 1,700,000,000 na uzito wa tani 21. Lilifumwa na wanawake 600 wa Khorasan, katika kazi ya miaka 4. Idadi yao yajulikana na hutajwa kwa wageni, na hiyo ni hatua moja mbele ya zamani. Lakini idadi si majina.

Tarehe 5 Juni, mwaka 2013, zulia moja la Kerman la karne ya 17, lisilofika mita 3 kwa urefu, liliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 33.7. Mpaka siku ile halikuwapo zulia lililouzwa kwa bei kubwa kama hiyo. Hujulikana kwa jina la Clark, tajiri wa shaba wa Marekani ambaye alilimiliki miaka michache ya mwisho wa maisha yake. Aliyelifuma aliishi nalo kwa muda ambao labda haukuwa mfupi kuliko huo, akalishika fundo kwa fundo kutoka pindo la chini mpaka la juu, na hana sehemu katika jina wala katika bei.

Mwanafunzi wa historia afanye nini? Majina yaliyopotea hayarudi, na kuyabuni ni dhambi kuliko kuyasahau. Lakini tendo moja lamwezekana, tena ndilo watendalo wajuzi wa mazulia wote wanapotaka kujua ukweli. Akikutana na zulia la mafundo, asiishie katika uso wake. Alishike pembe, aligeuze. Uso umekatwa kwa mkasi na kusawazishwa kwa ajili ya mnunuzi. Nyuma kila fundo limebaki kama lilivyofungwa. Ataona mstari uliopinda kidogo siku ambayo mkono ulichoka, ataona mahali ambapo uzi mpya uliingia, ataona jufti ikiwapo, na ataona hatua kwa hatua jinsi mtu huyu alivyozidi kuwa hodari toka ukingo wa chini hadi wa juu. Hakuna mahali pengine ambapo mfumaji amesema habari zake, na habari hizo zasomeka kwa mtu yeyote aliye tayari kuinama.